Fisi, Mtani wa Mataifa Yote

"Mmekaa?"
"Tumekaa!"
"Mnataka ya zamani au ya jana?"
"Ya zamani!"
"Basi hii ni ya zamani. Ikifanana na ya jana, msinilaumu."

Paliondokea mlima na bonde. Mlimani, kwenye mawe, waliishi Pimbi, wenye asali. Bondeni waliishi Nyani, wenye ardhi ya chumvi. Pimbi waliteremka na asali, wakapanda na chumvi. Tena walikuwa watani. Pimbi akifa, Nyani walichimba kaburi. Nyani akifa, Pimbi walichimba. Mtani alishuka kaburini kwanza, akajinyoosha kulipima, akawatukana wafiwa mpaka wakacheka, kisha akaondoka na chochote alichokipenda katika mali ya marehemu. Hakuna aliyekasirika.

Akaja Fisi kutoka mbali, kengele shingoni. Ngo! Ngo! Akawaambia Nyani, "Mungu yuko mashariki. Anayesali kuelekea magharibi anamtukana." Akapanda mlimani. Ngo! Ngo! Akawaambia Pimbi, "Mungu yuko magharibi. Anayesali kuelekea mashariki anamtukana." Nyani wakaanza kuwatazama Pimbi vibaya. Pimbi wakaanza kuwatazama Nyani vibaya.

Fisi akaja tena, na duka. "Msiuziane na watu wasiomjua Mungu. Nipeni mimi asali, nitawapelekea. Nipeni mimi chumvi, nitawapelekea." Asali ikateremka nyingi, chumvi ikapanda kidogo.

Fisi akaja tena, na bendera. Akajenga ua na lango chini ya mlima. "Mtapigana ninyi. Nipo kuwalinda."

Siku moja akamwona Nyani akitoka msibani kwa Pimbi na mzinga wa asali kichwani.

"Umenunua?"
"Hapana, Bwana. Mtani huchukua bure."
"Bure?"
"Bure, Bwana."
"Basi utani wenu nimeufuta. Kuanzia leo mtani wa wote ni mimi."

Ikawa hivyo. Kilio kikisikika, Fisi yupo. Mali ya marehemu inakwenda, kaburi wanachimba wengine.

Mlimani alikuwapo Pimbi mmoja, Bi Mwanamvua. Mwanawe alikuwa anaumwa kwa kukosa chumvi. Alilamba mawe, alilamba majivu, alilamba mkono wa mama yake.

"Mama, chumvi."
"Kesho, mwanangu."

Bi Mwanamvua akateremka mpaka kwenye ua, akachungulia upande wa pili. Akamwona Mzee Sekwao, Nyani aliyekuwa mtani wake tangu ujana.

"Ewe kalio jekundu!"
"Nani huyo? Sauti inatoka chini mno. Ni siafu?"
"Ni mimi, Mwanamvua."
"Ahaa! Mkia umeusahau wapi leo?" Mzee Sekwao akacheka, kisha akatazama nyuma. "Usinitukane hadharani, mwenzangu. Siku hizi ni dhambi."
"Nimekufa."
"Pole. Mbona unaongea?"
"Nitakufa kesho. Njoo na wenzako wenye mikono ya kusukuma jiwe."

Kesho yake mlima ukalia. "Uwii! Bi Mwanamvua amekufa! Ameacha pango zima la asali!" Fisi akasikia. Puku-puku-puku, akapanda mbio, mate yanamtoka.

Kaburi lilikuwa tayari, limechimbwa refu katikati ya mawe.

"Asali iko wapi?"
"Mtani hapewi kitu kabla hajapima kaburi, Bwana," wakasema Pimbi. "Ndiyo desturi."
"Desturi nimeifuta!"
"Sawa, Bwana. Lakini ukiifuta desturi, umefuta na asali."

Fisi akafikiri. Akashuka.

"Jinyooshe, Bwana."
Akajinyoosha.
"Na miguu, Bwana."
Akanyoosha na miguu.
"Linanitosha?" akauliza.
"Linakutosha," akasema Mzee Sekwao, akitokea nyuma ya mawe na wenzake.

Nyani wakasukuma jiwe. Ndiii! Kengele ikalia chini ya ardhi, ngo, ngo. Kisha ikanyamaza. Bi Mwanamvua akaamka, akatupa sanda. Pimbi wakacheka, Nyani wakacheka, kila mmoja akarudi kwao.

Asubuhi Bi Mwanamvua akateremka na asali mgongoni. Lango lilikuwa limefungwa. Chini ya bendera amekaa Mzee Sekwao.

"Asali weka hapo."
"Na chumvi?"
"Kwanza, ukisali unaelekea wapi?"
"Unanijua, kalio jekundu."
"Nimekuuliza, unaelekea wapi."

Bi Mwanamvua akasubiri acheke. Hakucheka.

"Fisi tulimzika pamoja," Bi Mwanamvua akasema.
"Tulimzika. Kaburi limebaki kwenu, lango limebaki kwetu."

Akachukua asali yote, akampimia chumvi kwa kikombe kilekile cha Fisi. Hakikujaa.

Bi Mwanamvua akapanda mlima mbio. Njiani akawapita Pimbi wenzake, wanachonga nguzo za lango lao. Akafika, akamtia mwanawe chumvi ulimini. Mtoto hakulamba.

Kaburi alilichimba mwenyewe. Hakuna aliyekuja kumtukana.

"Hadithi yangu nimeiweka chini. Mwenye machozi ayafute, mwenye swali alimeze."
"Na funzo lake?"
"Funzo ni hili: mgeni akija na kengele, mfungulieni haraka, mpeni kiti na asali. Mtazameni Fisi. Aliwaletea dini, duka na ulinzi, na alipoondoka aliwaachia vyote."