Jani la Mbarika na Ubao wa Arusi

Jani lililonyaukia njiani ndilo hulala ubaoni.

Neno hilo mlilisikia Jumapili kwa Mzee Gaspari, katekista wetu, mlipokuwa mnamcheka yule mama mgeni aliyeingia kwaya na vumbi hadi magotini. Sasa mmenijia mnauliza lina maana gani na limetoka wapi. Maana sitawapa kwanza. Nitawapa chanzo, na maana itakuja yenyewe kwa miguu yake. Mimi nilikipata kwa bibi mzaa mama, naye hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Ilikuwa katika kijiji cha Isunga, nchi ya misitu na nyuki. Huko bibi arusi hakuvuka kizingiti cha nyumba ya mumewe mpaka ubao wa arusi utundikwe juu ya mlango. Ubao huo ulichorwa kwa nta. Fundi aliupaka kwanza nta safi ya manjano, akaiacha ipoe. Kisha alilaza juu yake majani mawili, moja la kwa akina bwana arusi, moja la kwa akina bibi arusi. Halafu alichukua nta nyingine ya moto, iliyoyeyushwa chunguni pamoja na udongo mwekundu, akaigongagonga kwa brashi ya mkia wa ng'ombe juu ya majani na pembeni mwake. Nta ikiwa bado vuguvugu, aliyabandua. Kote kulikuwa kwekundu, ila pale majani yalipolala palibaki manjano safi, umbo la jani na meno yake yote. Kila aliyepita chini ya ubao alijua nyumba hii ni ya nani na nani.

Fundi wa siku hizo aliitwa Nyanzobe. Mkono wake ulikuwa mwepesi, naye alijua kuwa ni mwepesi.

Siku moja alipewa ubao wa arusi ya Mihayo, kijana wa hapo hapo Isunga, aliyemposa Leokadia kutoka bonde la Kasele, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Baba yake Leokadia alikuwa amefariki. Aliyemleta ni mama yake, mjane, na ndiye aliyebeba jani la kwao. Lilikuwa jani la mbarika, lile lenye vidole kama kiganja, lililochumwa mlangoni pao. Alilitia katikati ya kitabu chake cha sala, akatembea nalo siku hizo mbili.

Alipofika alifungua kitabu, akampa fundi jani kwa mikono miwili. Jani lilikuwa limelegea kama kitambaa cha kufutia vyombo, limegeuka rangi ya chai.

"Ahsante, mama," Nyanzobe akasema. Lakini yule mama alipokwenda kunawa miguu, fundi alilisukumia jani ndani ya kapu la maganda ya karanga. Aliona aibu kutia kitu kama kile kwenye kazi yake. Nyuma ya jiko la kwa akina bwana arusi palikuwa na mbarika umeota wenyewe. Akachuma jani bichi, la kijani, linang'aa. Mbarika ni mbarika, alijiambia. Nani atajua?

Asubuhi bibi arusi aliketishwa kwenye mkeka nje ya nyumba, amefunikwa kanga, wanawake wakimwimbia. Nyanzobe akaanza kazi. Jani la mninga, la kwa akina Mihayo, lilikaa vizuri, maana jani la mninga ni gumu, na ndiyo majani aliyoyazoea. Lakini mbarika mbichi umejaa maji. Nta ya moto ilipougusa, jani lilitoa jasho, likakunja vidole juu kama mtu anayekataa kusalimiwa, na wekundu ukapita chini yake. Alipolibandua alikuta dimbwi tu, halina umbo.

Akakwangua upande ule, akapaka manjano upya, akaenda kuchuma jingine. Likafanya vilevile. Nyimbo zikaanza kupungua.

Shangazi yake Mihayo, Mbula, mkubwa wa nyumba ile na mwenye mdomo, alikuja kuchungulia ubao.

"Mmeona wenyewe," akasema. "Jani la kwao limekataa nyumba yetu. Mara mbili. Mimi sisemi, ubao ndio unasema."

"Ubao una mdomo, Shangazi?" mwanamke mmoja akamtania.

"Unao, tena wa kukuzidi wewe. Nilimwambia Mihayo, mke hatafutwi siku mbili porini kama asali ya nyuki wakali. Haya."

Chini ya kanga, Leokadia hakusogea. Nyuma ya wanawake, mama yake alisimama na kitabu cha sala kifuani. Alikitazama kidogo, kisha akainama, akachukua kifurushi chake.

"Inuka, mwanangu," akasema taratibu. "Tusilazimishe. Tutafika kesho kutwa."

Nyanzobe aliyasikia. Nta nyekundu iliyobaki chunguni ilitosha mara moja tu. Akinyamaza, msichana ataondoka na doa lisilo lake, na yeye ataendelea kuitwa fundi. Bibi yangu alituambia kuwa fundi aliiweka brashi chini, akasimama.

"Jani la kwao halijakataa," akasema. "Halijawekwa."

Shangazi Mbula akageuka. "Umesemaje?"

"Jani alilokuja nalo mama huyu nililitupa. Niliona limenyauka. Haya mawili nimechuma mwenyewe, nyuma ya jiko lako, Shangazi. Kama kuna jani lililoikataa nyumba hii, ni la humu humu."

Nyuma mtu alianza kucheka, akakimeza kicheko. Shangazi akaenda kukaa.

Nyanzobe akapiga magoti mbele ya kapu, akapekua maganda. Jani lilikuwepo, zima. Alilipeleka kwa yule mjane, hakuweza kumtazama usoni.

"Nisamehe, mama. Na tena nta imebaki kidogo. Hili nalo likishindwa..."

Mjane akalipuliza vumbi la maganda, akamrudishia. "Liweke. Likishindwa nitaondoka na mwanangu bila kinyongo. Angalau nitajua limeshindwa letu."

Fundi akakwangua tena, akapaka manjano, akalilaza. Halikuhitaji kushikiliwa. Lilitandaza vidole vyake vyote juu ya manjano, likatulia, kama mtu aliyefika kwake akavua viatu. Nta ya moto ikaligonga, halikujikunja, maana maji yake yote liliyaacha njiani. Nyanzobe alihesabu pumzi zake, akashika kikonyo, akabandua.

Palibaki kiganja cha manjano, vidole vyote, hata jino dogo lililotafunwa na mdudu kule Kasele.

Shangazi Mbula aliinuka, akaja kutazama. Yeye ndiye aliyeuliza, na safari hii aliuliza kwa sauti ya chini. "Mama Leokadia, mbona hili limekubali?"

"Lile bichi lilikuwa bado linabishana, dada," mjane akajibu. "Hili lilikwisha kubishana zamani, siku ya kwanza tu, kwenye mchanga wa mto tuliouvuka njiani."

Shangazi akaenda mwenyewe kwenye mkeka, akamshika Leokadia mkono, akamwingiza ndani chini ya ubao. Na kifurushi cha mama yake alikibeba yeye.

Tangu siku hiyo, mtu akimpelekea Nyanzobe jani bichi linalong'aa, alimrudishia. "Tembea nalo kwanza," alimwambia. Wala hakuona haya kueleza kisa, ingawa aibu yote humo ilikuwa yake.

Sasa turudi kwa yule mama wa Jumapili. Anatoka ng'ambo ya mto, huondoka kwao alfajiri ili awahi misa ya pili. Niliwatazama mlipokuwa mnacheka, nikamtazama na yeye. Wimbo ulipoanza, nyote mlipandisha sauti kila mtu na yake, ila sauti yake ilikaa mahali pake mpaka mwisho, na ninyi mkaifuata bila kujua.

Jumapili ijayo mpisheni, akae katikati. Jani lililonyaukia njiani ndilo hulala ubaoni.