Bosi Rwegoshora na Nyama ya Chilewa

Bosi Rwegoshora alitema nyama choma ya banda la Chilewa. "Raba hii! Sikitu, kesho nitafutie banda bora Dodoma nzima. Nikitema tena, kabidhi funguo za gari, udereva umekwisha."

Siku ya pili Sikitu alimzungusha tangu asubuhi. Banda la kwanza: "Moshi umezidi, bosi." La pili: "Mbuzi wao bado analia." La tatu: "Hapa kachumbari imelala."

Saa kumi jioni bosi alishika tumbo. "We mama, utaniua kwa njaa!"

"Tumefika, bosi. Tupitie mlango wa uani."

Bosi alikula mpaka akanyonya mifupa. "Hii ndiyo nyama! Banda la nani?"

Sikitu akatia funguo mfukoni. "La Chilewa, bosi. Jana ulikuja umeshiba."