Sahani ya Bi Shumbana

Paukwa!

Pakawa!

Ah! Hiyo pakawa ya watu walioshiba au ya watu wanaongoja sufuria ishuke? Tena! Paukwa!

Pakawa!

Sahani ikatoka!

Ikaenda wapi?

Ikaenda kwa jirani!

Ikarudi na nini?

Hapo sasa mmeamka. Sogeeni. Wenye vichwa vikubwa wakae nyuma, wasiwazibie wenzao moto.

Hapo kale, kale ile ambayo hata babu yangu alisimuliwa tu, palikuwa na mji uitwao Kidundo. Mji mdogo. Mdogo kiasi gani? Ukipiga chafya lango la mashariki, mtu wa lango la magharibi anakwambia, "Afya!" Ukigombana na mkeo chumbani, jioni barazani unapewa ushauri na watu saba, watano kati yao hawajawahi kuoa. Lakini ulikuwa mji kamili: una soko, una kisima, una mshonaji kofia mmoja na wakosoaji wa kofia mia.

Na Kidundo walikuwa na desturi. Ukipika kitamu, unampelekea jirani sahani. Jirani hairudishi tupu. Akikosa kabisa, anaweka ndimu mbili. Hiyo hata nyinyi mnaijua, ingawa kuna mtu hapa ana sahani yangu tangu mfungo uliopita, simtaji. Lakini watu wa Kidundo waliongeza lao: anayerudisha sahani husimama mlangoni, akaisimulia.

"Hodi!"

"Karibu, umeleta nini?"

"Nimeleta sahani ya kijani, aliyoiacha marehemu shangazi yako. Ndiyo waliyolia wali wachimba kisima, siku ile Faki alipotumbukia na kofia yake."

"Hakutumbukia, alisukumwa!"

Basi hapo wanabishana, wanacheka, sahani inaingia ndani, ndimu zinaingia ndani, na habari ya Faki inaendelea kuishi. Kila nyumba ilikuwa hivyo, kila siku ilikuwa hivyo.

Mnadhani walijisumbua kwa nini? Kwa sababu ya zimwi.

Nyuma ya mji, msituni, aliishi zimwi aitwaye Mezakimya. Tumbo lake lilitangulia, yeye akafuata baada ya muda. Hakula nyama, hakula wali, hakula mtu. Alikula kitu ambacho watu wamesahau habari zake, basi. Kitu chenye habari kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kila baada ya miaka saba alikuja Kidundo Ijumaa tatu mfululizo, baada ya sala ya alasiri, kila Ijumaa na swali lake moja, akiimba:

*Nijibuni, nisimeze!*
*Nyamazeni, nimeze!*

Na kila baada ya miaka saba alijibiwa, akarudi msituni na njaa yake, tumbo linaburura majani.

Sasa katika mji huo palikuwa na bwana mmoja, Shekuwe, aliyechaguliwa kuwa Mtunza ya Kale. Alikuwa mtu wa mpangilio. Viatu vyake alivipanga kwa umri. Kanzu zake zilijua zamu zao. Mkewe, Bi Nunu, alisema siku ya harusi bwana huyo alimhesabu yeye pamoja na mito. Lakini aliupenda mji wake, na alimpenda mkewe, na hayo mawili yalimnyima usingizi kila mwaka wa saba ulipokaribia.

Mwaka huo, kabla ya Ijumaa ya kwanza, jambo likatokea. Sahani kongwe kuliko zote, sahani ya Bi Shumbana, kubwa, yenye maua ya buluu, ilikuwa mikononi mwa Bi Nunu akiirudisha kwa jirani. Beberu la mtu likapita mbio, sijui liliwahi nini, likampiga kumbo. Paa! Sahani ikawa vipande.

Shekuwe akalia kama mtu aliyefiwa.

"Mume wangu, ni sahani," akasema Bi Nunu.

"Si sahani! Ni mji! Leo imevunjika moja, kesho mbili, keshokutwa tutamjibu nini yule mwenye tumbo?"

Akapita nyumba kwa nyumba, akakusanya sahani zote za Kidundo. Mia tatu na kumi na mbili. Akaziosha, akazifuta, akazipa namba, akazipanga kwenye ghala la mawe, akapiga kufuli tatu. Akajifunga funguo kiunoni, akawa akitembea analia chengele-chengele.

"Sasa historia yetu iko salama," akasema.

"Na wali tutakulia wapi?" akauliza Bi Nunu.

"Kwenye jani la mgomba."

Wakala kwenye majani. Lakini jani la mgomba nani atalirudisha kwa jirani? Ukilirudisha watu watakuuliza kama una homa. Basi aliyepika alikula chake, akatupa jani, akafunga mlango. Wiki ya kwanza hodi zikapungua. Mwezi wa kwanza zikawa za kuhesabu. Mwezi wa tatu, Kidundo hakukusikika hodi, hakukusikika karibu, hakukusikika "hakutumbukia, alisukumwa." Yalisikika mabeberu tu, nayo hayana historia, yana haraka.

Ikaja Ijumaa ya kwanza. Mezakimya huyo, tumbo mbele.

*Nijibuni, nisimeze!*
*Nyamazeni, nimeze!*

"Kisima hiki, nani alitumbukia siku kinachimbwa?"

Watu wakatazamana. "Alikuwa yule... yule wa nani... mwenye kofia..."

"Nilikuwa nalijua! Lilikuwa linanijia nikishika ile ya kijani!"

Shekuwe akakimbia ghalani, chengele-chengele, akafungua kufuli tatu. Hii hapa, namba arobaini, ya kijani, inang'aa. Akaitazama mbele. Akaigeuza nyuma. Akaisogeza sikioni. Sahani, jamani, ilinyamaza kama sahani.

"Kimya?" akasema Mezakimya. Kubwi! Akameza kisima. Na ndoo. Na kamba. Watu wakaanza kufuata maji mtoni, nusu siku kwenda, nusu siku kurudi.

Ikaja Ijumaa ya pili. Tumbo likafika, mwenyewe akafuata.

*Nijibuni, nisimeze!*
*Nyamazeni, nimeze!*

"Mkipita barazani kwa mshonaji kofia nyote mnainamisha kichwa. Kwa nini?"

Kweli, waliinama. Wakubwa waliinama, wadogo waliinama, hata mbilikimo mmoja wa sokoni aliinama. Kwa nini? Mmoja akasema ni heshima. Mwingine akasema ni upepo. Wa tatu akasema yeye huinama kwa sababu wa mbele yake ameinama.

"Si majibu hayo," akasema zimwi. Kubwi! Akameza baraza yote. Wazee wawili waliokuwa wakicheza bao juu yake wakaanguka chini makalio yakalia pu! pu! Bao likaenda na kete zake, na mmoja wao alikuwa anakaribia kushinda. Alilia kuliko watu walivyolilia kisima.

Mezakimya akajilamba. "Ijumaa ijayo nameza mji. Nitaanzia nyumba ya yule mwenye funguo. Naona ndani kuna mwanamke mnene mzuri, sina habari zake hata moja, na asiye na habari kwangu ni kitu tu."

Shekuwe akarudi nyumbani. Akakaa kizingitini. Hapo alikuwa amelala paka dume la mtaani, Shume, ambaye hakuwa na kwao kwa sababu kila jiko la Kidundo lilikuwa kwao.

"Shume," akasema Shekuwe, "nimetunza kila kitu. Nimekosea wapi?"

"Mimi naulizwa leo?" paka akapiga mwayo. "Tangu ufunge zile sahani mimi nakonda. Sahani zikipita, utumbo wa samaki hupita. Sasa nisikilize, bwana wa namba. Kesho alfajiri mkeo akitoka, mfuate. Usikohoe, na hayo machengele yako yaache."

Kesho yake kabla jua halijatoka, Bi Nunu akatoka na kitu mkononi. Shekuwe akamfuata bila viatu. Ilikuwa kigae. Kipande kikubwa cha sahani ya Bi Shumbana, chenye ua la buluu! Hakukitupa. Alikuwa akikitumia kuombea moto kwa majirani, maana kaa la moto halibebeki kwenye jani la mgomba.

Akafika mlango wa kwanza. "Hodi!"

"Karibu, umeleta nini?"

"Nimeleta kigae cha sahani ya Bi Shumbana, naomba moto."

"Ndiyo ile aliyoibandua ua akikwangua ukoko?"

"Ndiyo hiyo! Naye mwenyewe akasingizia panya!"

Vicheko. Kaa likawekwa. Mlango wa pili vivyo hivyo, vicheko. Mlango wa tatu vivyo hivyo, vicheko, na chai ya tangawizi juu. Shekuwe, amejibanza nyuma ya ukuta, akapigwa na butwaa. Sahani nzima mia tatu na kumi na mbili zilikuwa bubu. Hii iliyovunjika, ambayo hata namba hakuipa, ndiyo inasema!

"Umeona?" akasema Shume, akiramba mguu. "Au nikuandikie namba?"

Shekuwe hakungoja jua lipande. Akafungua kufuli ya kwanza, akaitupa. Ya pili, akaitupa. Ya tatu ikagoma, akaivunja kwa jiwe. Akabeba sahani kichwani, akapita mlango kwa mlango.

"Chukueni! Pikeni! Pelekeaneni! Zikivunjika zivunjike!"

"Bwana Shekuwe, una homa?"

"Nilikuwa nayo, imepona!"

Jamani, siku hizo Kidundo kulipikwa! Jumamosi wali wa nazi, Jumapili maharage, Jumatatu mihogo. Jumanne hadi Alhamisi sahani zilipishana njiani kama watu wa soko. Tano zikavunjika, na hakuna aliyelia. Mara ya kwanza watu waligugumia mlangoni. Mara ya pili wakakumbuka jina. Mara ya tatu walikuwa wanabishana, na hapo ndipo Bi Nunu akasema, "Sasa mji umepona."

Ikaja Ijumaa ya tatu. Mezakimya akaja na kijiti cha kuchokolea meno. Akachungulia ghalani. Tupu.

"Mmezitoa," akasema. "Werevu! Basi sitauliza sahani yoyote iliyokuwa humu. Nauliza ile isiyokuwamo, iliyovunjika. Ilikuwa ya nani, na mji huu unamdai ahsante ya nini?"

*Nijibuni, nisimeze!*
*Nyamazeni, nimeze!*

Kimya. Watu wote wakamtazama Shekuwe. Yeye ndiye Mtunza ya Kale. Zimwi likapanua kinywa chake, likaielekea nyumba ya Bi Nunu. Bi Nunu alikuwa amesimama mlangoni, kigae mkononi, makaa yanawaka, hajasogea hata hatua.

Shekuwe akaruka, akamnyang'anya kile kigae, akasimama katikati ya njia.

"Hodi!" akapaza sauti.

Na mji mzima, kwa mazoea tu, ukajibu: "Karibu, umeleta nini?"

"Nimeleta kigae cha, ai! cha sahani ya Bi Shumbana!" Kigae kilikuwa cha moto, basi alikirusha mkono huu, akakidaka mkono ule, akicheza kama ngoma ya harusi. "Alifika hapa, uuui, hapana soko, hapana nyumba, ana sahani hii moja tu!"

"Akapika wali!" likadakia soko.

"Akamwona Ngwali mkwezi amekaa peke yake juu ya mnazi, hataki watu!"

"Akampelekea!"

"Ngwali akairudisha na ndimu mbili!"

"Nazi mbili!"

"Ndimu!"

"Nazi! Mkwezi atoe wapi ndimu?"

"Kesho yake akapika tena, zikawa nyumba mbili, ai ai, zikawa tatu, na huo ndio Kidundo!"

"Na ua moja akalibandua kwa ukoko!"

"Akasingizia panya!"

"Na Faki hakutumbukia, alisukumwa!"

"Na tunainama kwa sababu pale palikuwa na boriti, Jecha akajigonga siku ya harusi yake, bibi arusi akaolewa na nundu!"

Mezakimya akashika koo. Baraza ikageuka tumboni. Kisima kikachemka. "Nyamazeni!" akalia. "Mmoja mmoja!" Lakini wapi! Mtu wa Kidundo akishaanza kusahihishwa, hata dua ya kumnyamazisha haipo. Waliendelea kupiga kelele za ndimu na nazi mpaka zimwi likafanya kwikwi tatu. Ya kwanza, likatapika kisima. Ya pili, baraza. Ya tatu, bao na kete zake zote, likakimbia msituni tumbo limenywea, na mara hii zimwi lenyewe lilitangulia, tumbo nyuma.

Wazee wawili walilikimbilia lile bao. Kete zilikuwa zimechanganyika. Kila mmoja akaapa alikuwa anashinda. Wanabishana mpaka leo.

Bi Nunu akamshika mumewe mikono iliyobabuka, akaipaka asali.

"Kigae hicho utakipa namba ngapi?" akamuuliza.

"Sikipi namba," akasema Shekuwe. "Kesho zamu yangu kuomba moto."

Na akaenda, na akasema hodi, na akasimulia. Alikosea habari nusu, jirani akamsahihisha, wakacheka. Kidundo kikakaa hivyo kwa raha yake.

Basi hapo ndipo nilipofikia, na kuni nazo zimefika mwisho. Mwenye kutaka mji wake udumu asiufungie ghalani. Autumie, ausimulie, akubali na kusahihishwa. Mimi niliwahi kupita Kidundo, nikainama pale kwa mshonaji kofia, na boriti hakuna, nikajisikia mwenyeji.

Sahani yangu ya ngano nimewaletea imejaa, nanyi mkairudishe na lenu. Na ile nyingine, ya mfungo uliopita, yenye ukingo mwekundu... mama wewe mwenye kanga ya njano, usigeuke nyuma, nakutazama wewe. Ndimu mbili zinatosha.