Kitanda cha Jiwe Kilichobaki

Haya, mwenye usingizi na akalale sasa hivi, maana hadithi hii ina hukumu ndani yake, na hukumu hiyo nitaidai kwenu. Sitaki baadaye mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Zamani, katika vilima vya Yudea, waliishi wageni watatu, kila mmoja na kipaji chake. Huri alikuwa mchonga mawe, pande la mtu, kila mlango aliupita kwa kuinama. Akigonga mwamba mara moja alijua penye ufa na penye uwazi, kama wewe unavyoichagua nazi sokoni kwa kuitikisa. Pelatia alikuwa karani, mwembamba, mdomo haulali. Aliisoma hata ile hati ya kale, iliyochongwa kwenye mawe, ambayo wenyeji wenyewe walikuwa wameisahau. Na Zibia alikuwa mkunga na mwosha maiti, kibibi kifupi chenye kikohozi kisichopona. Mikono yake iliwapokea watu wakija na kuwaaga wakienda.

Watu wa huko walizika mara mbili. Kwanza maiti alilazwa pangoni, juu ya kitanda kilichochongwa mwambani. Mwaka ukitimia, nyama imekwisha, jamaa walirudi wakakusanya mifupa, wakaitia katika sanduku dogo la jiwe. Sanduku lilikatwa kwa urefu wa mfupa wa paja, na kipimo alikitoa mama wa marehemu, kwa kamba. Hapo ndipo msiba uliposemwa umeisha.

Sasa, mjane mmoja, Shelomithi, alimlaza pangoni mwanawe wa pekee, Yoezeri. Kabla ya mwaka kutimia, ardhi ikatetemeka na pango likaporomoka. Tangu siku hiyo, kila jua lilipofika utosini, kitu kilikwaruza ndani ya mwamba: kwaru, kwaru, kwaru. Mbuzi wakakataa kulisha upande ule. Shelomithi hakuoga wala hakubadili nguo. Mwanawe hakuwa kwa wazima wala hakuwa kwa baba zake, naye mama alikuwa amenasa katikati pamoja naye.

Mwaka ulipotimia akatangaza: "Atakayemfikisha mwanangu sandukuni, nitampa kitanda kimoja kilichobaki katika pango letu. Mimi nina mahali pangu kando ya mume wangu. Huyo atalala na ukoo wangu, na jina lake litatajwa pamoja na majina yetu."

Mnacheka? Zawadi gani hii ya kaburi? Ngojeni. Mgeni akifa huko alitupwa shimoni bondeni, akarushiwa udongo kidogo juu juu. Zibia alimzika mumewe humo. Siku ya tatu alikutana na mbweha njiani, kinywani ana mkono wa mtu, na Zibia aliutambua ule mkono. Tangu hapo kila alipokohoa aliliona lile bonde. Hakutaka dhahabu wala kondoo, alitaka mlango wa jiwe kati yake na meno. Basi akaenda, na Huri akaenda, na Pelatia hakubaki nyuma.

Huri akatangulia. Aligonga mwamba, akatega sikio, akagonga tena. "Hapa tukigusa tunafunikwa sote," alisema. "Hapa, sawa." Akachimba siku mbili, jiwe baada ya jiwe, na juu haikuanguka hata chembe ya mchanga. Bila Huri, wangebaki nje wakilia na mbuzi.

Ndani, lo! Masanduku yamepasuka, mifupa ya watu tisa imevurugika kama kuni, na ule mkwaruzo sasa unatoka pande zote. Pelatia akainua taa ukutani, akaisoma hati ya kale, kitanda kwa kitanda, nani alilala wapi. "Hawa ni wa babu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Hawa wa shangazi. Kitanda cha Yoezeri kiliangukia kona ile, yeye na mjomba wake." Bila Pelatia, wangepapasa humo mpaka taa izime.

Lakini mjomba na mpwa walikufa vijana wote wawili, urefu mmoja. Zibia akapiga magoti. Akafumba macho, akaipitisha mikono yake juu ya mfupa mmoja mmoja. Akafika kwenye mkono wa kushoto, akakuta kivimbe. "Alianguka kutoka juu ya mzeituni akiwa na miaka saba," alisema. "Nilimfunga mimi mwenyewe. Karibu, mwanangu." Bila Zibia, Shelomithi angemzika kaka yake akidhani ni mwanawe.

Shelomithi akaingia na sanduku, wakaipanga mifupa ndani yake. Fuvu likaingia, mbavu zikaingia. Paja likakataa. Sanduku lilikuwa fupi, na papo hapo mkwaruzo ukawa mkali, karibu kabisa, kama kucha chini ya miguu yao.

"Mama, ulitoa kipimo gani?" Huri aliuliza.

Shelomithi akaketi chini. "Nilitoa kamba niliyompimia akiwa na miaka kumi na miwili," alisema. "Nilijua kwamba amekua. Lakini aliyekua ndiye aliyekwenda vitani, akaletwa maiti. Mimi nilimtaka yule mdogo." Akalia mpaka Zibia naye akalia.

Basi Huri akaparua ukuta wa sanduku kwa ndani, unene wa kidole. Zibia akalaza paja. Pelatia akachora jina kwa msumari: Yoezeri mwana wa Shelomithi. Kifuniko kikakaa. Mkwaruzo ukakoma, kimya kikawa kizito hata wakasikia taa ikinywa mafuta.

"Mwanangu amefika," Shelomithi alisema. "Sasa jiwe lirudi mlangoni kabla Sabato haijaingia. Lakini nimeapa, na sharti jina liandikwe kitandani kwanza. Nimwandike nani?"

"Mimi niliyefungua njia," alisema Huri.

"Na njia ingekupeleka wapi bila mimi?" Pelatia alidakia.

"Wanangu," alisema Zibia, "ninyi bado mna miaka. Mimi hiki kifua hakifiki mavuno."

"Mama mkunga, kifo hakipangi foleni kwa umri," Huri alijibu, taratibu, maana alimheshimu. "Huyo aliyelala sandukuni alikuwa na miaka mingapi? Kwa nini tusilale sote, kwa zamu?"

Pelatia akashusha taa kwenye ukingo wa kile kitanda kilichobaki. Palikuwa na maneno yamechongwa kwa ile hati ya kale. Akasoma: "'Mgeni mmoja. Wa pili hatapumzika.'"

Hapo ndipo walipokitazama vizuri. Pango zima lilikuwa vumbi tupu, lakini kitanda kile kilikuwa safi, kimefagiwa. Zibia akakigusa, akakuta kina joto. Hata hivyo alipanda akalala, maana bonde alilijua na joto hili hakulijua. Kichwa kikagusa mwisho wa huku, nyayo zikagusa mwisho wa kule. Kimemtosha barabara.

"Kimenitosha!" alisema. "Kimekatwa kwa ajili yangu!"

"Shuka, nijaribu," alisema Pelatia, aliyemzidi kimo kwa kichwa kizima. Akalala. Kichwa huku, nyayo kule, barabara.

Huri hakutaka. Walimsukuma. Lile pande la mtu likajilaza, na hapakubaki nafasi ya ukucha, wala mguu haukutokeza nje.

Shelomithi alisimama na msumari mkononi, jua linashuka, na wote watatu wakimtazama yeye. Zibia alikuwa amekishika kitanda kwa mikono miwili, hakiachii.

Msiniangalie mimi, mimi msumari sina. Wewe uliyekuwa ukicheka zawadi ya kaburi, njoo uushike. Jina la nani ungeliandika? Na huyo utakayemwandika, je, umempa thawabu, au umemtoa kafara?