Kiboko na Mtungi Uliozibwa Mdomo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mliolazimishwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Palikuwa na pombe ya ulezi, na palikuwa na mpumbavu. Mpumbavu nitamtaja, maana simwonei haya, ila kwanza mwenye pombe.

Pimbi, kale kanyama ka majabalini kasikomzidi sungura, alikuwa mpika pombe. Chachu yake aliitunza ndani ya kibuyu. Asubuhi anaipa kijiko cha togwa, ule uji mtamu usiochacha bado, jioni anaipa kijiko kingine, nayo inamjibu: chwi, chwi, chwi. Kwao hulimiwi bure. Bila chachu hakuna pombe, bila pombe majirani hawaji na majembe, na bila majembe utakula mawe.

Siku sita kabla ya kulima, akaja Kiboko. Jembe hajawahi kulishika huyo, ila kata ya pombe anaijua. Akachukua kibuyu, akachukua mtungi wa togwa, akaenda zake mtoni bila hata kuaga.

Pimbi akalia kidogo, akafikiri sana. Alimjua: mwizi hudhani kila mtu ni mwongo. Akamfuata, akapiga magoti.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Chukua tu, lakini chachu tia kijiko kimoja. Mtungi usiujaze. Mdomo ufunike kwa jani, usiuzibe."

Kila neno lilikuwa kweli. Ila alilisema akitazama pembeni, akijikuna kama aliyefumaniwa jikoni.

Kiboko akacheka mpaka masikio yakacheza. "Unanifundisha kuharibu pombe ili nikurudishie? Mimi si mtoto."

Akaimwagia mtungini chachu yote. Akajaza togwa hadi ukingoni. Akauziba mdomo kwa udongo, kisha akaweka kidevu juu yake, asije mtu akauiba.

Mtungi ukasema chwi. Kiboko akasema, "Nyamaza."

Ukasema chwi-chwi-chwi. "Nyamaza."

Ukasema gudu-gudu-gudu. "Nyamaza, mwenyewe ni mimi."

Mtungi haukumheshimu. Paaa!

Majirani walimkuta kifudifudi, povu toka kisogoni hadi mkiani, vigae viwili vimekwama puani. Meno yake yale yaliyokaa ovyo, msiniulize tena yalipatwa na nini.

Pimbi akaja na mwiko. Pole hakumpa. Akalikwangua lile povu mgongoni, taratibu, lisimpotee hata tone, akalitia kibuyuni, akalilisha togwa. Akatega sikio.

Chwi.

Siku ya kulima pombe ilikuwepo. Wawili watatu waliuliza kama chachu iliyolala mgongoni kwa Kiboko ni safi. Wakaonja, wakashika majembe, na shamba likaisha kabla ya jua kuchwa.

Ngano yangu imefika kwenye machicha. Mwenye kiu akamue mwenyewe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: wakubwa msiwadanganye kamwe. Waambieni ukweli mtupu, mkitazama pembeni.