Siti Raihana na Uzi wa Nuru

Aliitawala Zamrudia, mji wa kuta nyeupe na bustani za komamanga, Sultani Ghalibu bin Nasoro, mwenye haiba na hazina, na Mwenyezi Mungu hakumjaalia mtoto ila binti mmoja, Siti Raihana, ambaye uzuri wake ulisifiwa hadi ng'ambo na ambaye macho yake hayakuona mbali. Kitabu akikisogeza puani alikisoma barabara, lakini mtu akisimama mwisho wa ukumbi alikuwa kwake kama moshi uliovaa kilemba. Kwa hiyo alivaa miwani ya bilauri nene, nayo ilimtia alama puani, na kila alipokunywa kahawa ikafanya ukungu, na kila alipoinama ikaanguka.

Siku moja wakaja wana wa wafalme kumposa, na desturi ya mji ule ilikuwa binti ammiminie marashi yule aliyemridhia. Shangazi yake, Bi Kamaria, akamvua miwani mlangoni.

"Sultani haozi bundi, mwanangu," akasema.

Raihana akaingia akipapasa, akakifuata kilemba cha kijani cha Idarusi, mwana wa mfalme wa Visiwani, ambaye binti alimwona asubuhi kwa miwani yake akampenda, na akammiminia; na watu wote ukumbini wakashika vinywa, kwa maana vilemba vya kijani vilikuwa viwili, na marashi yalikuwa yakichuruzika kwenye ndevu za balozi mzee wa Kusini.

"Umenitukuza, bibi yangu," akasema yule mzee akijipangusa, "lakini wake nilio nao wamekwisha kunishinda."

Sultani akatangaza kwamba binti yake ameziheshimu mvi. Raihana akarudi chumbani uso ukimwaka, akaisugua pete aliyorithi kwa marehemu mama yake, na akatokea jini mrefu aitwaye Barkuki, mtumwa wa pete, na usoni amevaa miwani.

"Nataka kuona mbali," akasema Raihana.

"Nasikia na ninatii. Ninao uzi wa nuru unaokwangua kioo cha jicho, na kazi huisha kabla hujamaliza Fatiha. Ila pete imenifunga niseme kweli tupu, basi ulizia kwanza, kisha uniamuru."

Lakini nafasi ya kuulizia hakuipata, kwa kuwa habari zilienea jumba zima, na kila mwenye mdomo akaja nao. Sultani akalia kwamba macho ni amana, haichezewi. Bi Kamaria akataka kazi ifanyike upesi, wachumba wasije wakaondoka. Mpishi akaleta karoti asubuhi, akaleta mchana, na jioni akazileta zimepondwa. Naye Waziri akasimulia habari za mtu aliyekwanguliwa macho na tangu hapo huona miezi miwili mbinguni.

"Ulimwona kwa macho yako?" akauliza Raihana.

"La, bibi. Ni jirani ya shemeji wa mtu ninayemjua."

"Waziri, niondokee. Nyote niondokeeni. Macho haya yamo usoni kwangu, nanyi mmeyagawana kama mirathi."

Walipokuwa wakitoka, Idarusi akaja kuaga, na Raihana kwa uchovu akamwambia, "Haya, na wewe sema lako. Wote wamekwisha kusema."

"Sina langu, bibi. Macho ni yako. Ukikubali, nitakaa nje ya mlango mpaka utoke. Ukikataa, nitavaa kilemba chekundu, usinikose tena."

Raihana akacheka asipende. Kisha akafunga mlango akamgeukia jini.

"Mbona wewe mwenyewe umevaa miwani?"

"Kioo cha jicho langu ni chembamba, uzi ungekitoboa. Chako nimekipima, kinatosha."

"Nitapoteza nini?"

"Macho yatakauka na kukereketa kwa miezi, na usiku taa zitavaa duara la mwanga. Na ukifika umri wa shangazi yako, utahitaji miwani ya kusomea kama watu wote."

"Wapo waliojuta?"

"Wapo. Ni wachache, na siwezi kukuahidi kwamba hutakuwa miongoni mwao."

"Na nikiacha?"

"Utaishi salama na miwani yako. Hakuna anayekufa kwa kuivaa."

Raihana akakaa kitako muda mrefu, na hasira ikamshuka, maana hatimaye ameambiwa hasara pamoja na faida. Akajiuliza kama anayataka haya hata pasingekuwa na wachumba wala shangazi, na moyo ukajibu kwamba anayataka. Akalala chali.

"Fanya," akasema.

Akasikia harufu kama ya unywele unaoungua, na baadaye macho yakamchoma kama aliyekata vitunguu vya karamu nzima. Kulipopambazuka akafungua mlango, na mwisho wa baraza akamwona Idarusi amesinzia ukutani, na akaziona kope zake, na kovu dogo kidevuni, na mdomo ulioachama. Akaenda kwa babake akasema, "Baba, marashi yawekeni kando. Safari hii nataja jina."

Wakaoana, na Sultani akawapa nusu ya hazina na bustani zote za komamanga, na wakaishi kwa raha. Na watu wasioona mbali wakamjia Raihana kutoka kila upande kumwuliza wakubali au wakatae, naye hakumjibu hata mmoja, bali aliwaitia jini akawaacha naye faraghani. Basi enyi mliosikiliza, jueni kwamba mshauri ni yule akuambiaye utakachopoteza, na akishakwambia hunyamaza, akakuachia uamuzi wako.