Kwa Nini Njia ya Ng'ombe Hupindapinda Bondeni

Kabla ardhi yetu haijajua kubomoka, bonde hili lilikuwa limetandazwa kama mkeka mmoja. Nyasi zilikuwa juu, udongo mwekundu chini, na ng'ombe walishuka mtoni popote palipowapendeza. Hiyo popote ndiyo iliyomkera Mtemi Chilumba. Akaamuru ng'ombe wote wapite njia moja, iliyonyooka toka zizini hadi mtoni, kwa kuwa njia iliyopinda, alisema, inaaibisha utawala.

Njia ikanyooka, ikasifiwa. Kwato zikamaliza nyasi, mvua ikaikuta iko uchi, ikateremka nayo mbio. Baada ya misimu mitatu, ufa wa kuingiza kidole ukawa korongo la kumeza fahali na pembe zake.

Msidhani korongo hushuka. Korongo hupanda. Kila mvua liliangusha ukingo wake na kusogea juu, na huko juu ndiko ilikokuwa nyumba ya Mbeho, mfinyanzi mjane, na nyuma ya nyumba makaburi ya wazazi wake.

Baraza halikukaa kimya. Liliteua wazee watatu walipime shimo kwa kamba. Waliporudi kuhakiki, kamba haikufika tena chini. Wakapendekeza kamba ndefu zaidi. Kisha mjumbe akatumwa kuliamuru korongo lisimame. Alisimama ukingoni, akatangaza vizuri sana, na ukingo ukaondoka naye. Yeye alitolewa mzima. Amri ilibaki chini.

Mbeho hakujua amri, alijua tope. Maisha yake yote alikuwa ameona kwamba maji yakitulia chunguni, udongo huzama wenyewe. Basi akaanza kupanga mawe kulikatiza korongo, mstari baada ya mstari, kimo cha goti tu, ili maji yapumzike na kuacha yalichoiba. Lakini mawe yalikuwa mtoni, na yeye alikuwa peke yake. Akatoa masharti: anayetaka chungu alete jiwe, na alibebe mwenyewe.

Watu wakabeba, maana hakuna apikaye ugali kwenye kiganja. Ukafika wakati wa pombe ya tambiko la mvua, na chungu kikubwa cha mtemi kikawa kimepasuka. Mtemi akamtuma mjumbe na jiwe.

"Jiwe nimelipokea, baba," Mbeho alimwambia mjumbe. "Lakini chungu, utakinywea wewe?"

Kesho yake, mchana kweupe, Mtemi Chilumba alitoka mtoni na jiwe begani. Hatua kumi za njia yake iliyonyooka zilimtosha. Akapinda kushoto kutafuta pumzi, akapinda kulia, tena kushoto. Ng'ombe waliokuwa wakitoka kunywa maji wakamfuata nyuma, kona kwa kona. Alipofika juu alilitua jiwe mstarini, akakaa juu yake muda mrefu.

"Mbeho, mama," akasema, "njia hii aliinyoosha nani?"

"Mtu asiyebeba kitu, mtemi."

Akacheka mpaka jasho likamwingia machoni.

Na tangu siku hiyo njia za ng'ombe hapa hupindapinda, na aitwaye barazani huja na jiwe. Mwaka jana afisa alikuja na gari na taarifa ya kurasa arobaini. Wazee walimsalimia kwa heshima, kisha wakamwonyesha njia ya mtoni. Korongo bado lipo. Limesimama hatua nne kutoka mafiga ya Mbeho, na chini yake nyasi zimeota.